Samaki Waliopelekwa kwa Sinia

Maneno yale Shefali aliyasikia kwa Khuku, muuza bisi za mchele, na tangu hapo hayakumtoka: eti Bi Lotika, mama mkwe wa binti yake Mithu, amesema kwenye arusi ya watu kwamba binti huyo ana mkono mzito, kila kinachozaa hukauka akikigusa.

"Mimi sisemi, nimepita tu," Khuku alisema huku akipima bisi. "Lakini dada, mwaka wa pili huu, na tumbo la Mithu bado bapa. Watu wana macho."

"Na wewe una mdomo."

"Haya, nikupimie ngapi?"

Siku ile bisi aliziona chungu. Angemwuliza Mithu, akaogopa kumliza. Angemwuliza Lotika, akaogopa jibu. Akaona afadhali kisasi, maana kisasi hakimsubiri mtu ajibu.

Shefali alifuga samaki wa mapambo, kama nusu ya wanawake wa mtaa ule wa Howrah, kule India. Ua wake wote ulikuwa mabeseni ya saruji. Na Lotika, masikini, akamkabidhi kisu kwa mpini. Sikukuu ya kumkirimu mume wa binti, ambayo kwao mke hupeleka sinia la zawadi, ilipokaribia, akapiga simu.

"Mama Mithu, mwaka huu maembe punguza, mwanangu Tapan tumbo linamsumbua. Niongezee samaki kwenye tangi langu. Mjuzi ni wewe. Nichagulie wanaopatana na wangu."

Tangi lile Shefali alilijua. Lilikaa sebuleni mbele ya wageni, mimea imejaa kama tuta la mchicha, na kati yake kundi la vijisamaki vyenye mstari wa buluu na mwekundu, vikigeuka pamoja kama vimeitwa. Chini, kambale wadogo walifagia mchanga. Lotika alilipenda kuliko alivyompenda mtu.

"Nitakuchagulia, dada yangu," Shefali akajibu, kwa sauti tamu hata ikamtisha mwenyewe.

Akachagua. Aliwaruka gapi, wapole wale. Akawaruka wote wenye vinywa vidogo na tabia njema, mpaka beseni la mwisho, la oska. Hao ni jamaa wa perege. Wakiwa wadogo kama ukucha, weusi wenye madoa ya dhahabu, humjia mtu wakitikisa mkia, na kila mtu huwapenda. Wakikua hujaza kiganja, hung'oa kila mmea, na jirani anayeenea mdomoni ni chakula. Akafunga wawili kwenye mfuko wa maji, akaupamba kwa utepe mwekundu, akauweka kwenye sinia kati ya sari na chungu cha maziwa mgando.

"Kueni," akawanong'oneza. "Kuleni mpaka alie."

Alijua Lotika hawezi kuwakataa. Kinachokuja kwa sinia kutoka kwao mke hakikataliwi. Kukikataa ni kuitukana ndoa. Alichokisahau, kwa ajili ya hasira, ni nusu ya pili ya desturi ile ile: kilichotoka kwao mke hulelewa kwa mkono wa mke.

Mvua zikaja, zikaisha. Khuku akarudi na kapu lake, macho yanang'aa.

"Umesikia? Samaki wa mkweo wanapotea! Majani yote yanaelea juu kama uji umemwagika."

"Analia?"

"Kakaa mbele ya kioo cha tangi kama mfiwa!"

Shefali akacheka mpaka akashika ukuta. Siku ile hata bisi aliona tamu.

"Ila sasa anasema wazi," Khuku akaendelea. "Si Mithu ndiye anayewalisha? Si mkono wake? Anamtaka Tapan amrudishe kwenu kabla nyumba nzima haijakauka. Na Tapan kanyamaza."

Kicheko kikakatika.

Haikupita wiki, Mithu akaingia uani na sinia kichwani, limefunikwa kitambaa. Akalitua mbele ya mama yake.

"Sinia halirudi tupu, Mama."

Shefali akafunua. Oska wawili, wazima na vichwa vyao, katika mchuzi wa haradali.

"Nani kapika?"

"Mimi. Nimewaparua mwenyewe. Mama mkwe kawaonyesha muuzaji wa sokoni, kaambiwa ni samaki gani. Anasema umle mmoja mbele yangu, nimpelekee mifupa. Usipomla, nisirudi."

"Na wewe ulijua lini?"

"Nilipofungua mfuko. Si nimekulia kwenye mabeseni haya?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mama yangu ametuma wauaji na utepe? Niliwashibisha minyoo ili wasiwaguse wale wadogo. Wakawagusa. Nikaitwa mkono mzito, nikanyamaza. Nilikuwa nakuficha wewe."

"Yule mwanamke kaanza! Khuku kasema..."

"Labda alisema, sijui. Lakini hukuniuliza."

"Basi baki hapa, mwanangu. Tutamwonyesha..."

"Tapan ananisubiri njiani. Nataka kurudi kwangu. Kula, Mama."

Shefali akakaa chini akala. Haradali ilimpanda puani, machozi yakamtoka, naye hakusema ni ya nini. Mithu akaokota mifupa mmoja mmoja, akaifunga kwenye gazeti.

"Usije tena kule," akasema. "Wala usilete sinia."

Akatoka. Hasira ya Shefali ilikuwa bado inachemka, ila haikuwa tena na mlango wa kubisha.

Basi wewe mwenye tangi, na wewe mwenye binti, epuka haya:

Samaki ambaye kinywa chake kinamweza jirani yake.

Kununua kichanga kwa uzuri wake bila kuuliza atakuwa mkubwa kiasi gani.

Oska na jamaa zake wakubwa, penye mimea na vijisamaki.

Samaki wa dhahabu pamoja na wa maji ya vuguvugu. Tena huyo wa dhahabu mimea huila.

Kumtenga peke yake samaki wa kundi.

Kuwatia wageni tangini kabla hawajakaa kwanza kwenye beseni lao.

Kumwamini mpita njia kabla hujamwuliza mwanao.

Kutuma kisasi kwenye nyumba anayolala binti yako.