Kilio cha Mfua Chuma

Tangu utotoni walimwita Chiriku, na hawakumsingizia. Asubuhi akifumbua macho na mdomo nao umeshaanza. Walimu walimtoa darasani kwa ajili ya domo lake, na ukubwani domo lilelile likampa ulaji: kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni. Ila kazi yenyewe ilikuja na sharti moja, na kwa mtu kama yeye lilikuwa sharti la kikatili. Akishatoka studio, afunge bakuli. Neno moja la hadithi likivuja, kibarua kimeota nyasi.

Katuni iliitwa Nchi ya Ukungu. Ile ya zamani ilichorwa ovyo, midomo inacheza huku na sauti iko kule, lakini watu waliipenda kufa. Halafu ikakatika bila mwisho. Kijana mmoja, Mshika Taa, aligombana na mama yake, Mfua Chuma, akavuka daraja, akaingia ukunguni, na hapo hapo kipindi kikafa. Waliokuwa watoto wakaoa, wakazaa, bado wanajiuliza yule kijana alirudi kwao au alipotelea huko. Sasa imechorwa upya, ya kisasa, misimu miwili imeshaonyeshwa, na msimu wa tatu unaokuja ndio utakaopita pale ya zamani ilipoishia. Mfua Chuma wa sasa anasema kwa sauti ya Chiriku.

Na shabiki namba moja wa Nchi ya Ukungu ni nani? Mama mkwe wake, aliye naye nyumba moja.

Mama mkwe ni fundi cherehani, mjane, mtu wa maneno machache na macho makali. Mwanawe mkubwa, mumewe Chiriku, anaendesha lori, nyumbani anaonekana kama mgeni. Kwa hiyo wanawake hao wawili wanashinda pamoja, na kuna kundi la mashabiki kwenye simu ambalo mama mkwe hakosi. Wenzake humo ni vijana watupu, wanamwita Shangazi. Kuandika hawezi, herufi zinamkimbia, basi anatuma sauti, cherehani ikinguruma nyuma yake. Mmoja anasema Mshika Taa amegeuzwa bundi. Mwingine anasema ameuza kivuli chake, akitaka kurudi hawezi. Shangazi anawasikiliza wote, kisha anawatuliza.

"Bundi wapi, nyie watoto. Yule mpanda farasi mwenye kinyago wa msimu wa pili ndiye. Hamuoni anapanda farasi kwa upande wa kulia? Goti la kushoto aliliumiza kwenye karakana ya mama yake, kwenye ile ya zamani. Mtoto wa mtu hafichiki kwa kinyago. Atarudi."

Kundi zima linapiga makofi ya kwenye simu, naye anarudi kwenye pindo lake kana kwamba hakusema kitu.

Chiriku alicheka sana mwanzoni. Kicheko kilimkauka siku alipogundua mama mkwe anacheza kamari gani. Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, ndiye aliyekuwa akiiangalia ile ya zamani pajani kwa mama yake. Huyo Kitinda aliacha chuo cha uuguzi akaenda kujifunza kunyoosha bodi za magari. Mama akamwambia toka, na usirudi mpaka akili zikurudie. Kitinda akatoka. Ni mwaka wa pili sasa, hapigi simu, na hapigiwi.

"Nimpigie mimi?" mama mkwe husema. "Yeye ndiye aliyeondoka. Miguu anayo." Lakini siku moja, uzi ukiwa mdomoni, alisema kwa sauti ya chini, "Mshika Taa akirudi kwao, siku hiyohiyo nampigia huyu. Nimeshaweka nadhiri."

Hakuwa anatania. Chiriku alimhurumia, akaogopa pia, kwa sababu aliona jinsi moyo wa mtu mzima ulivyotundikwa kwenye katuni.

Sasa, usidhani Chiriku alikuwa anajua hadithi inaishaje. Wenye katuni yao wanaogopa kuibiwa siri kuliko wanavyoogopa moto. Wanaleta picha yote imepakwa weusi, limeachwa tundu dogo tu la kuonyesha mdomo wa anayesema. Kila mwigizaji anaingia peke yake, anasema maneno yake, anaondoka. Chumba chenyewe kidogo, kuta zimebandikwa magodoro, feni haiwashwi kwa sababu ina kelele. Unatoka humo umelowa kama uliyeoga na nguo.

Siku hiyo mwongozaji alimwambia kwenye spika za masikio, "Dada, leo hakuna maneno. Imeandikwa tu, Mfua Chuma analia. Kilio kirefu. Halafu pale mwisho kuna miguno, mifupi mifupi, kama mtu anayepiga kitu kwa mkono."

"Anapiga nini?"

"Na mimi naona tundu hilo hilo unaloliona wewe. Lakini nikikisia, anapiga udongo. Kaburi hilo."

Chiriku alishikwa na baridi kwenye jasho lake. Mfua Chuma hana mume, hana ndugu, hana mwingine duniani wa kumlilia ila yule kijana. Akautazama ule mdomo ukipanuka kwenye weusi, akalia. Alilia mara nyingi, kwa sababu mwongozaji hakuridhika upesi, na kila mara aliyekuwa akimlilia hakuwa Mshika Taa. Alikuwa analilia simu ambayo haitapigwa.

Alirudi nyumbani koo limechanika. Alikuwa amejipanga kutosema kitu, na kweli hakusema. Hilo ndilo lililomponza. Mtu anayeingia kila siku akiropoka toka mlangoni, leo kaingia, kachemsha maji, kaketi kimya anayapuliza. Mama mkwe alisimamisha cherehani.

"Sauti imekwenda wapi?"

"Maji baridi tu, mama," Chiriku alijibu, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo.

"Umelia kazini."

Chiriku akainamia kikombe.

"Na Mfua Chuma hana mwingine wa kumlilia," mama mkwe alisema. Alikaa akitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. "Basi. Nimeelewa."

"Mama, mimi sijasema neno. Na huko kwenye kundi, tafadhali…"

"Kwani mimi nina wazimu nikumwagie unga?"

Jioni hiyo vijana wa kundi walimwita Shangazi, Shangazi, na Shangazi hakujibu. Chiriku alijichukia. Ameifunga njia ya Kitinda kwa koo lake mwenyewe, tena bila kufungua mdomo, yeye ambaye maisha yake yote alikosea kwa kuufungua.

Kesho yake mchana alimkuta mama mkwe amesimama dirishani, simu sikioni, mkono mwingine umeshika pazia. Inaita, haipokewi. Akapiga tena.

"Mama, unampigia nani?"

"Nilisema yule akirudi, na huyu arudi. Sasa yule ndiyo basi tena." Hakugeuka. "Mama yake alingoja, akaishia kulia. Mimi namngoja wa nini? Nimlilie?"

Upande wa pili ukapokelewa. Chiriku aliisikia sauti ya shemeji yake, ndogo, yenye wasiwasi, "Mama?" Mama mkwe, aliyekuwa na miaka karibu miwili ya maneno kifuani, alitafuta la kuanzia, akapata moja tu.

"Umekula?"

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mlango ulipogongwa Chiriku alikuwa jikoni, akachungulia na mwiko mkononi. Kitinda alisimama kizingitini, amelowa chapachapa, mabega yamepanuka kwa kugonga mabati, kichwa amekiinamisha. Mama yake alimtazama. Kisha ikamtoka sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia kwake, kilio kirefu kilichoanzia chini kabisa, kikapanda, kikakatika. Na kilipokatika akaanza kumpiga. Alimpiga begani, mgongoni, begani tena, kwa kiganja, na kila pigo lilikuja na mguno mfupi, nusu hasira nusu kuchoka, na Kitinda akasimama tu akipigwa, akilia naye.

Chiriku aliacha mboga iungue. Aliijua miguno hiyo. Aliitoa yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, ndani ya chumba cha magodoro, akidhani anapiga kaburi.

Jumatatu alikuwa studio kabla ya mwongozaji.

"Kile kilio tukirudie," alisema. "Nilikosea."

"Kilikuwa kizuri. Mpaka fundi mitambo alijifuta machozi."

"Kizuri, lakini si chake. Kuna mahali kinatakiwa kifunguke, mimi nilikifunga. Na hiyo miguno si ya udongo."

Mwongozaji alimtazama sana. "Kuna mtu amekwambia hadithi?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Nimemwona mtu akiifanya."

Wakarudia, mara moja tu. Mdomo uliokuwa kwenye tundu na sauti yake vilikaa pamoja mpaka mwisho, na mwongozaji hakuomba nyingine.

Jioni walikula watatu. Kitinda alikuwa na simu kando ya sahani, anapitia kundi. "Mama, humu wanakulilia. Wanataka Shangazi awaambie, Mshika Taa anarudi au harudi?"

"Harudi," mama mkwe alisema, akimwongezea chakula bila kuombwa. "Nilijidanganya. Masikini yule mama, namhurumia mpaka usingizi unakatika. Ila usiwaambie watoto wa watu, waache na matumaini yao." Akamgeukia Chiriku, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya koo, akamtazama kwa upole wote. "Wewe si ndiye uliyelia naye. Niambie tu kama nasema uongo."

Maneno yalimjaa Chiriku mdomoni, yote, kwa mpigo. Akanyakua kikombe chake cha maji ya uvuguvugu, akapiga funda kubwa, akalishika hapo hapo mdomoni bila kulimeza.