Bushi za Mpira wa Greda

Jumamosi saa nne asubuhi fundi alibana kipande cha mpira kwenye jiliwa, akakipaka maji ya sabuni, akaanza kukikata kwa msumeno wa chuma. Alikuwa anatengeneza bushi, vile vipande vya mpira vinavyokaa kati ya gari na mikono ya chuma inayoshika magurudumu, ili gari likiingia shimoni abiria asilisikie kiunoni. Za dukani hazikuwepo. Gari lao lilikuwa kuukuu kiasi kwamba muuza vipuri, alipoonyeshwa bushi iliyokufa, alimpa mama fundi pole kama ya msiba.

Abiria mwenyewe alikuwa dada yake, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya kustaafu. Mara tatu kwa wiki ilimpasa kwenda hospitali kusafishwa damu, na barabara ya huko ilikuwa mashimo matupu. Ijumaa alirudi amejikunja, akasema hatakwenda tena.

"Nimetikiswa vya kutosha. Niacheni nife kitandani kwangu, nimetulia."

"Dada, nipe siku mbili tu."

"Unazo mpaka Jumatatu."

Fundi aliogopa sana, na yeye akiogopa hufanya kazi. Mpira aliupata kwenye greda, mashine ya kusawazisha barabara, lililoachwa kando ya njia. Liliteremshwa pale miaka kumi na moja nyuma, siku ya uzinduzi wa ujenzi. Wakubwa walipiga nalo picha, wakaenda zao, majani yakalimeza. Halikusogea hata hatua moja. Matairi yake yalishageuka kandambili, likabaki moja, na hilo ndilo alilolibeba. Hakujiuliza mpira ule uliletwa kufanya kazi gani. Aliona mpira mgumu, mpya, wa bure.

Alikereza bushi nne, akazisukumiza kwenye nafasi zake kwa jeki, akakaza nati.

Jumatatu walikwenda na kurudi. Mwalimu alilala njia nzima, akakoroma. Walipofika nyumbani gari lilikuwa zito, limekaa chini. Fundi alizifungua bushi, akaziminya kwenye jiliwa, na mashimo ya barabarani yakaanza kutoka moja moja, kila moja na tope lake. Yalikuwa thelathini na sita. Mawili yalikuwa na viluwiluwi. Mpira ule ulikuwa na kiporo cha kazi cha miaka kumi na moja, na sasa ulikuwa unakimaliza. Fundi aliyasugua kingo, akayapanga nyuma ya karakana kama sufuria, madogo ndani ya makubwa. Jirani alilalamikia mbu, ikabidi yafunikwe turubai.

Bushi hazikudumu, maana kumeza mashimo si mchezo. Kila wiki mbili fundi alikata nyingine. Baada ya miezi mitatu barabara ilinyooka kabisa. Mwalimu alipata nyama mashavuni na kuanza tena kubishana na redio, na fundi akimsikia kutoka karakana alifurahi mpaka akapiga mluzi.

Ndipo akaja bwana mmoja wa ofisi ya barabara, kamera shingoni, uso umemshuka, akamwamkia fundi.

"Shikamoo mama. Samahani, mashimo yako wapi? Nimetumwa kuyapima na kuyapiga picha."

"Marahaba. Yako hapa."

Alifunua turubai. Bwana yule alishusha pumzi.

"Umeniokoa, mama. Nitayachukua yote."

"Unayapeleka wapi?"

"Barabarani. Siwezi kuyapiga picha karakana, utaratibu hauruhusu."

"Na mkishapiga picha mtayaziba?"

"Kuziba ni fungu lingine."

"Fungu hilo linakuja lini?"

"Lilishakuja, mama. Likaisha."

Fundi alisimama mbele ya mashimo na nyundo mkononi. Bwana yule hakugombana. Alitoa karatasi yenye mhuri: mashimo yote ya barabara, popote yatakapokutwa, ni mali ya ofisi. Fundi aliisoma, akampelekea Mwalimu, ambaye aliisoma mara mbili na kalamu mkononi, akairudisha bila alama.

"Yake," alisema. "Mpe."

Vibarua walipakia mashimo mia mbili na kumi kwenye lori. Hadi alasiri kila moja lilikuwa limerudishwa mahali pake, limewekewa rula pembeni, limepigwa picha. Bwana yule alitia saini, akashukuru. Lori lake liliondoka kwa njia ya mzunguko, kuepuka kuvunja springi.

Fundi alirudi kwenye jiliwa. Tairi lilikuwa limebaki kipande cha kutoa bushi nne, basi. Alikipaka sabuni, akashika msumeno. Alikata kwa hasira, na mpira ukawa unamponyoka.

Mwalimu aliingia taratibu, ameshikilia ukuta.

"Huo ndio wa mwisho?"

"Ndio."

"Utatufikisha wapi?"

"Wiki mbili, Dada."

"Halafu?"

Fundi hakuinua kichwa.

"Halafu tutakwenda hivyo hivyo. Hebu nishikie hapa, unateleza."

Mwalimu alikunja mikono ya gauni, akashika.