Diski Kubwa na Kitabu cha Ukoo

Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu. Asiyeamini aende mtaa wa Sakina akamuulize Hedwiga mwenyewe, kama atamkuta amepoa.

Miaka ile kompyuta chakavu za Ulaya zilimwagika Arusha kama mitumba. Ya Hedwiga, kibandani kwake alikochapa barua za watu, ilijaa pomoni. Humo kulikuwa na kitabu cha ukoo wa mama yake: majina ya mababu aliyotajiwa na wazee kwa miaka miwili, na wengi wa wazee hao sasa ni marehemu. Kilitakiwa kisomwe Desemba, ukoo ukikusanyika Marangu. Akanunua diski mpya, kubwa mara nne, ili fundi Derick ahamishie kila kitu humo.

"Yule?" Mzee Ndesanjo, mjomba wake, alichekea puani. Alistaafu ufundi simu. Kompyuta alijifundisha mwenyewe. "Cheti kirefu kuliko akili. Mimi nilitengeneza mtambo kileleni Meru kwa waya wa mtego wa panya!"

"Mjomba, wazee wamekufa. Siwezi kuwauliza tena."

"Kunywa chai yako, mwanangu. Hii naihamisha mwenyewe."

Derick alikuwa ameacha karatasi ya maelekezo: diski ya zamani ikae mbele kwenye waya, mpya nyuma, programu hunakili ya mbele kwenda ya nyuma. Ndesanjo aliisoma akasonya. Tangu lini mdogo akamtangulia mkubwa? Kwao hata nyama, mkubwa ndiye hukatiwa kwanza. Akaiketisha diski kubwa mbele, akabonyeza. Saa nzima utupu ukamiminika juu ya mababu.

"Tetemeko," alimwambia Hedwiga, skrini ikiwa tupu. "Meru imenguruma chini kwa chini, sumaku yake ikafyonza maandishi."

Derick alipofika, alichungulia ndani ya kasha. "Shikamoo, mzee. Hii mpya mbona iko mbele?"

"Si ndiyo kubwa!" Ndesanjo alifoka kabla ya kujizuia.

Hedwiga alimtazama mjomba kama anayetazama kandambili iliyopotelewa na mwenzake. "Nenda kwako, mjomba."

Jumapili Ndesanjo alirudi na beberu aliyefungwa jani la isale shingoni. Mchaga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hedwiga alipokea kamba, akamsukumia mjomba daftari na kalamu.

"Wewe ndiye mzee uliyebaki. Andika. Uongo mmoja tu, beberu anarudi."

Ndesanjo akaandika jina la babu yake, na la baba wa babu. La tatu hakulijua. Akaacha mstari wazi.