Upako wa Cheni

Asubuhi ya harusi yake, Shangazi aliikuta cheni ya pikipiki ya mpwa wake imekauka, ina kutu na matope. Mpwa mwenyewe, dereva wa bodaboda aliyeitwa Breki kwa sababu hakuwahi kuwa nazo, alikuwa bado anaoga. Shangazi akachukua chupa ya mafuta ya upako, akamimina juu ya matope na kuomba.

Breki alipotoka alimweleza kwamba cheni huoshwa kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Mafuta juu ya mchanga ni msasa. Shangazi akajibu kwamba haya yameombewa na apande upesi.

Haraka ilikuwa na sababu. Bwana harusi, fundi cherehani mwoga kama kunguru, alishakimbia harusi moja zamani. Jana yake, pete ilipogoma kupita kifundo cha kidole cha Shangazi, bwana harusi akaanza kusema huenda ni ishara mbaya. Aliahidi kungoja hadi kengele ya ibada, basi.

Katikati ya safari cheni ikakwaruza, ikachomoka. Shangazi, ndani ya gauni jeupe, akaanza kukemea pepo.

"Shangazi, pepo wa watu hana kosa," Breki alisema. "Huu ni mchanga."

Shangazi akavua shela, akalichovya kwenye petroli aliyoitoa Breki tangini, akapiga magoti. Magoti yake yalikuwa na mazoezi. Alisugua cheni pingili kwa pingili, Breki akizungusha gurudumu. Ilipong'aa na kukauka, akadondoshea mafuta yaliyobaki chupani, akafuta yaliyozidi. Breki akairudisha kwenye meno yake. Ikazunguka kimya, kama mzee wa kanisa sahani ya sadaka inapopita.

Walifika kengele ikilia. Fundi cherehani alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje. Alimtazama bibi harusi asiye na shela, mweusi wa grisi hadi viwiko, akaurudisha mguu ndani. Mwanamke wa namna hiyo, aliwaambia watu baadaye, humkimbii, atakufikia.

Pete iliteleza kidoleni bila kusukumwa. Mchungaji akainua macho, akatangaza kwamba kanisa zima limeuona upako ukifanya kazi.

"Amina," Shangazi alisema. "Lakini kwanza nilisugua."