Bati Ndani ya Mtoto wa Meza

Mtoto wa meza alilia mara ya nne, na mara ya nne Léoncie akafumba macho mfano wa mtu anayesomewa hukumu.

Mlio ule ningali nao masikioni, ingawa huu ni mwaka wa tatu. Sauti tatu fupi, kisha kimya, kisha taa nyekundu niliyoiona imezingirwa na ukungu, kwa kuwa asubuhi ile nilitoka hospitalini Mbarara kutiwa dawa ya macho, na dunia yote ilikuwa imegeuka maziwa mbele yangu. Nilikuwa nimeketi jikoni, bakora magotini, nikingoja sala ya Ijumaa. Sikuwa na shughuli mle ndani ila kufikisha salamu na mfuko wa maharagwe kutoka kwa mama yake Léoncie.

Nyumba ile ilikuwa na mashine ya kuoshea vyombo iliyofichwa chini ya meza ya jikoni, ya kuvutwa na kusukumwa. Mwenye nyumba, Mama Ishema, akiiita droo. Léoncie, aliyezaliwa Bujumbura kabla ya vita kumleta Rubondo, mtaa wetu kambini, akiiita tirwari, kwa Kifaransa cha kwao. Mimi nilifunzwa na marehemu baba yangu, katika chuo chake cha Qur'ani kule Buyenzi, Bujumbura, kwamba kinachovutwa kutoka tumboni mwa meza huitwa mtoto wa meza, wala sikuona sababu ya kumbadilisha mtoto jina kwa kuwa amejifunza kuoga.

Léoncie ni jirani yangu kambini Nakivale. Kati ya nyumba zetu pana mstari mmoja wa mihogo. Yeye huenda misa, mimi huenda msikitini, na maji tunateka kisima kimoja. Alikuwa amechukuliwa kazi kwa majaribio ya mwezi mmoja, na mwezi ule ulikuwa unakatika kesho yake. Akifaulu, angepewa chumba cha uani na ruhusa ya kumleta binti yake Larissa, wa miaka tisa, aishi naye na asome mjini. Akishindwa, angerudi na kanga zake. Nilikuwa nimeketi, basi, mbele ya mama anayepimwa na mashine kama anastahili kuishi na mwanawe.

Mama Ishema aliingia na simu mkononi.

“Sheikh, usinione mbaya,” akaniambia. “Lakini hii mashini ilikuwa mzima. Fundi wa Kampala anasema ile alama ni ya kupanga vyombo vibaya. Mara nne sasa, ssebo, bwana wangu. Kesho wakwe wa binti yangu wanakuja, na sahani ndiyo hizo.”

“Mama, nimetoa vyombo vyote, nimepanga upya,” Léoncie akasema. “Hakuna sahani inagusa ingine. Acha nizioshe kwa mkono.”

“Mikono ninayo mimi mwenyewe. Nilitafuta mtu wa mashini.” Akavuta pumzi. “Nyinyi wa kambi mmezoea jerikani. Nimejaribu. Sitachukua tena mtu wa huko.”

Akatoka kwenda kuwaonyesha watu wa hema pa kusimika nguzo. Léoncie hakulia. Alishika kitambaa akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

“Mwanangu,” nikamwambia, “mtoto halii bure. Ana njaa, au amelowa, au kuna kitu kinamchoma. Mfunge tena, nimsikilize.”

“Maalim, wewe hauoni hata kikombe chako cha chai kiko wapi.”

“Ndiyo maana nimesema kusikiliza.”

Akacheka kidogo pasipo kupenda, akausukuma mlango wa mashine, akabonyeza. Nilisogeza kiti, nikaegemeza sikio kwenye ubavu wake. Kwanza maji yaliingia taratibu, yakijaa. Kisha kitu kikagonga mara moja, tok, kikanyamaza. Kisha yakaja maji yenyewe, yakiruka kutoka chini kwenda juu, na hapo nywele za mikono yangu zikasimama.

Miaka saba ya mwanzo Rubondo nililala chini ya turubai, na tangu hapo nalala chini ya bati. Mvua ya turubai hunong'ona. Mvua ya migomba hupiga makofi. Mvua ya bati ni shahidi asiyeweza kunyamazishwa. Ukiisikia mara moja, hutaisahau hata ukiwa kaburini. Mashine ile ilijaa sahani za kauri na bilauri, nami nilikuwa nasikia mvua ya bati.

Ikalia mara tatu. Taa ikawaka.

“Léoncie,” nikauliza, “ni nani aliyeezeka nyumba humo ndani?”

Akanitazama, nadhani, kwa huruma waonewayo wazee. Lakini akafungua, akatoa vyombo kimoja kimoja akivipanga mezani, mpaka akasema, “Basi. Hakuna kitu tena.”

Niliingiza mkono. Vidole vyangu vilipita juu ya waya wa kupangia, vikafika kwenye kitu kipana, chembamba, baridi, kimelala chali.

“Na hiki?”

“Hicho si chombo, Maalim. Huo ni mfuniko wa mama.”

Mara nne alikuwa ameambiwa atoe vyombo vyote, na mara nne alitii. Lakini mfuniko wa sufuria aliopewa na mama yake siku ya kuondoka haukuwa chombo machoni pake, ulikuwa sakafu. Kambini tunaanika vyombo juu ya kichanja cha fito, na kijiko kikipenya kati ya fito huzama topeni, hakionekani tena. Kila mwanamke wa Rubondo hutandaza chini ya vijiko mfuniko uliogeuzwa. Léoncie aliona nafasi zile za waya, akaona vijiko vya tajiri, akavihurumia kama angelivihurumia vya kwake. Na kishikio cha mfuniko kilikuwa kimening'inia chini ya waya, kikikamata ule mkono wa mashine unaozunguka na kurusha maji. Ikanijia pete tunayoambiwa kuisogeza wakati wa udhu: ni ndogo, lakini chini yake kidole kimebaki kikavu.

Tukavirudisha vyombo bila mfuniko. Mtoto wa meza akafungwa, akanywa maji yake, kisha akaanza kuzunguka, na sauti ilikuwa ya mvua njema juu ya shamba lililopandwa. Hakulia.

Mama Ishema alirudi, akasimama mlangoni.

“Sheikh,” akasema polepole, “umeisomea dua?”

Nakiri leo nisichokiri siku ile. Mfuniko ulikuwa magotini pangu, chini ya upindo wa kanzu, na jibu lilikuwa tayari ulimini. Neno moja tu, na Léoncie angebaki bila doa, nami ningetoka na sifa. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema lisiwe uongo kamili.

Léoncie akainama, akautwaa mfuniko, akamkabidhi.

“Hakuna dua, Mama. Ni mimi. Niliuweka chini, vijiko vyako visipotee.” Akaeleza habari ya kichanja, ya fito na ya tope, bila kuinamisha kichwa.

Mama Ishema aliugeuza mfuniko huku na huku. Maji yalizunguka. Kisha bega lake likatikisika kwa kicheko.

“Mukaaka wangu kule Endiinzi,” akasema, “bibi yangu, alikuwa na vijiko vitatu. Kimoja ng'ombe alikikanyaga, mpaka leo tunakitafuta.” Akajifuta macho. “Kale, sawa. Kesho mashini unapanga wewe, mbele ya wakwe. Mzee, unarudi Nakivale leo?”

“Baada ya sala, inshallah.”

“Basi beba huu mfuniko kabla haujaua mashini yangu. Na uwaambie wamlete yule mtoto.”

Njiani, ukungu wa macho ukipungua, nilitunga ubeti:

Mtoto aliye ndani
akilia, sikizani:
hajaingia shetani,
pana kizibacho maji.

Nilimkuta mama yake Léoncie uani, akipepeta mtama. Alikiona nilichoshika kabla hajaniona mimi. Ungo ukamtua mapajani.

“Umerudi na mfuniko,” akasema. “Wamemfukuza.”

“Mfuniko umerudi,” nikamjibu. “Mwenyewe amebaki. Mfulie Larissa nguo zake.”

Aliupokea, akaufuta kwa upindo wa kanga, akaenda kuutandaza juu ya kichanja, kishikio kikitazama ardhi, na vijiko juu yake. Kisha akageukia upande wa kisima, akamwita mjukuu wake kwa jina lake lote.