K ya Saa Nane

Kwa watoto wachanga mimi sina mpinzani. Nimezaa saba, na wote saba walikuwa na mashavu ya kubanwa kwa vidole viwili, hata majirani walikuwa wakija kuniuliza nawapa nini. Hiyo ndiyo sifa yangu na sioni haya kuitaja. Ila kama tutasema yote, basi tuseme yote: watano wa mwisho walilelewa na binti yangu wa kwanza, maana mimi nikikaa kitako mchana baada ya kula, usingizi hunichukua kama mtu anayenidai. Hilo la pili huwa silisemi nikiitwa kulea.

Kitinda mimba wangu ni fundi rangi. Alipopata mtoto alinipigia simu.

"Mama, njoo. Mwenzangu hana mama, na mimi mtoto sijui anashikwa wapi na wapi."

"Unashika brashi, utashindwa mtoto?"

"Brashi hailii, mama."

Nilifika mtoto ana siku nane. Wanakaa vyumba viwili ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Nilizihesabu kwa magoti. Mkwe wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mtu, pamoja na mumewe, anamwita Mwalimu. Alinipokea mlangoni na khanga kifuani, akanipa mjukuu wangu bila hata salamu kuisha. Mtoto wa kike, kichwa kama ngumi, paji la uso limekunjamana. Akanitazama kuanzia kilemba hadi kidevu, akarudi tena juu, kama anatafuta kosa.

"Huyu si mtoto," nikasema. "Huyu ni mkaguzi wa elimu."

Jina likamganda hapo hapo, Mkaguzi. Mwalimu akacheka, na alivyocheka ndipo nikaona macho yake mekundu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia, mama. Jana kwenye mzani ana mbili na mia nane. Nesi kasema kila saa mbili anyonye, akilala aamshwe. Tukirudi wiki ijayo kama hajaongezeka vizuri, ataanzishwa maziwa ya kopo."

"Na kopo lina ubaya gani? Watoto wangapi wamekua nalo."

"Halina ubaya." Akajifunga khanga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. "Mimi mwenyewe nimekua nalo. Mama alifariki nina miezi miwili. Basi toka nikiwa mdogo nilijiambia, wangu atanyonya. Ni hilo tu, mama. Sina jingine ninalolitaka."

Nilimshika bega nikamwambia aache kulia, amempata mtaalamu.

Sasa, mwalimu ni mwalimu hata akiwa na siku nane tangu ajifungue. Alikuwa amechora daftari mistari kama la mahudhurio: saa, tukio, maelezo. Usiku na asubuhi aliandika yeye, kwa mwandiko ule wa ubaoni: "Saa kumi na moja alfajiri. Amenyonya ziwa la kushoto, dakika kumi na mbili. Amecheua." Mchana, kuanzia saa sita, ilikuwa zamu yangu, ili yeye alale. Alikuwa amechoka mpaka anaweka chumvi kwenye chai.

"Ikifika saa yake mlete tu kifuani, mama, hata kama nimelala. Mimi siamki hata paa likianguka. Muweke anyonye, kisha uandike."

"Niandike yote hayo? Ziwa la kushoto, sijui dakika?"

"Fupisha tu. Andika herufi moja."

Herufi moja naimudu. Nilifika darasa la saba, na mwandiko wangu ulisifiwa. Aliyeusifu alikuwa dada yangu, lakini ulisifiwa. Basi mtoto aliponyonya, nikajiambia: kanyonya. Nikaandika K. Baadaye akakojoa: kakojoa. K. Akacheua: kacheua. K. Akalala: kalala. K. Lawama si yangu, ni ya lugha yetu. Mtoto akifanya lolote lile, linaanza na ka. Mimi K zangu nilizijua moja moja kwa sura, kama mama wa pacha anavyowajua wanawe.

Tabu ilikuwa saa nane. Saa sita mtoto ananyonya vizuri, saa saba nimekula, vyombo nimeosha, Mkaguzi yuko kwenye kitanda chake kidogo, Mwalimu anakoroma chumbani kwa adabu, jua limeingia dirishani limenikalia mapajani. Na kile kiti chao cha kamba kina mahali pamebonyea kama pamepimwa kwa ajili yangu. Nikavua miwani niipumzishe. Nilipoivaa ilikuwa saa kumi kasoro.

Nikalitazama daftari. Mstari wa saa nane mtupu unanitazama. Nikaandika K. Wala sikuandika uongo. Kalala. Ni nani aliyelala, daftari halikuuliza.

Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku mbili nyingine hata ya saa kumi ilitupita. Kila nikienda kumwamsha Mwalimu nilikuta gauni lake limelowa kifuani, naye akasema, "Joto la leo, mama, angalia jasho." Jasho halinuki maziwa. Lakini ningesema ni maziwa, ningeulizwa kwa nini mwenyewe hakuyanywa.

Siku ya kumi na nne tukashuka ngazi zetu sote, mwanangu na madoa ya rangi ya kijani sikioni, Mwalimu na daftari kwapani kama anakwenda kwenye kikao. Nesi alikuwa mwanamke mpana, miwani inaning'inia shingoni, asiyepoteza neno. Akamvua Mkaguzi nguo, akamlaza kwenye mzani. Mkaguzi akautazama mzani kwa dharau.

"Mbili na mia tisa," nesi akasema.

"Kaongezeka!" mwanangu akadakia.

"Kidogo. Kwa wiki nzima, kidogo mno." Akanyoosha mkono. "Hilo daftari ndilo la kunyonya? Lete." Akavaa miwani, akafungua, akapitisha kidole. "Umeandika vizuri, Mwalimu. Hizi K?"

"Ni za mama," Mwalimu akasema. "Kanyonya."

Nesi akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. "Huyu mtoto mchana ananyonya mara saba?"

"Anapenda," nikasema.

"Anayenyonya hivi angekuwa hapiti mlangoni." Akafunga daftari taratibu, akaishusha sauti, na sauti yake ya upole ilinitisha kuliko ile ya kwanza. "Mwalimu, usijilaumu. Akinyonya mara zote hizi na haongezeki, basi huenda maziwa yako hayatoshi. Hutokea. Nitakuandikia ya kopo."

Mwalimu hakulia. Afadhali angelia. Aliitikia "sawa" kama mtoto wa darasa la kwanza aliyenyang'anywa kalamu, akaanza kumvisha mwanawe, na mkono wa blauzi ya mtoto akauingiza kwenye mguu. Mwanangu akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama gauni la mkwe wangu, nikaona doa la jasho lile lile la kila siku, linakua.

Hapo maneno yakanitoka yenyewe.

"Nesi, usiandike kwanza. Hizo K si zote za kanyonya."

Wote wakageuka, hata Mkaguzi.

"Ni za nini?"

"Nyingine kakojoa. Nyingine kacheua. Hii hapa yenye mguu mrefu, kanya. Siku hiyo alikunya sana."

Mwanangu akaziba mdomo kwa kiganja. Nesi hakucheka. Akafungua daftari tena, akaweka kidole, na kidole chenyewe kilikwenda mahali pale pale nisipopataka.

"Na hii K ya saa nane? Ipo kila siku, peke yake, halafu kimya mpaka saa kumi."

"Kalala," nikasema.

"Kalala. Saa ya kunyonya?"

"Kalala... usingizi mzuri. Nikamhurumia. Nitamwamshaje mtoto wa watu amelala kama malaika?"

"Mama!" Mwalimu akasema. Sijawahi kusikia neno mama likiwa na pembe nyingi kiasi kile. "Nilikwambia aamshwe!"

"Ulisema, mwanangu. Niliona huruma."

"Kwa hiyo alikuwa anaruka mara ngapi kwa siku?"

"Moja. Siku nyingine mbili. Na lile si jasho, Mwalimu. Mtu asiye na maziwa halowi hivyo."

Nesi akamtazama kifuani, akamminya kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, nikajua anaona zaidi ya nilichosema. Akaikunja ile karatasi aliyokuwa ameanza kuiandika.

"Siku tano," akasema. "Kila saa mbili, mchana na usiku, huruma iwekwe kabatini. Mkirudi hajafika kilo zake za kuzaliwa, kopo, na sitaki tena hadithi za herufi."

Njiani Mwalimu alitangulia mbele na mtoto wake. Ngazi ya kumi na moja, nilipokuwa nahema, akarudi akanishika mkono, uso kaugeuzia ukutani.

Jioni ile ile mwanangu akachora daftari upya. Alitumia ile penseli yake nene, laini, ya kupigia mistari ukutani kabla ya kupaka rangi. Akaandika juu ya kila ukurasa wa mchana, kwa herufi kubwa kama za ubao wa duka: HAKUNA KULALA.

"Hiyo ni ya mtoto," akaniambia.

"Najua ni ya mtoto. Ya nani tena?"

"Nimesema tu, mama." Na akaenda zake, mabega yanacheka. Huyu nimemlea mimi, au dada yake. Kwa vyovyote anatujua.

Siku tano zile nilipata tabu ambayo sikuipata kwa watoto saba. Kiti cha kamba nilikigeuza uso ukutani. Nikakalia kigoda kisicho na mgongo, nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, nikamsimulia Mkaguzi maisha ya babu yake pamoja na yale ambayo babu hakutaka yasimuliwe. Ikifika saa nane, macho yananivuta chini kama ndoo kisimani, nanawa uso, nambeba mke mwenzangu nampeleka kwa mama yake. "Amka, mke mwenzangu. Kula. Ukikonda nitaambiwa mimi ndiye niliyekuroga." Anafungua jicho moja, ananikagua, anashika ziwa. Naandika neno lote, herufi kwa herufi: kanyonya.

Siku ya tano tukarudi. Nesi akamlaza mzanini. Mwalimu alikuwa ameishika khanga yangu mimi, si mkono wa mumewe, na sijui kama alijua.

"Tatu," nesi akasema, "na mia moja na ishirini."

Mwalimu akakaa kwenye benchi, akalia kilio kile kizuri, cha sauti, mpaka akina mama waliokuwa kwenye foleni wakachungulia. "Ni maziwa yangu," akawa anawaambia hata wasiouliza. "Ni maziwa yangu tu." Nesi akamwandikia kwenye kadi, akamwambia aendelee vivyo hivyo. Mimi akanipa mkono. "Bibi, umeamka," akaniambia kwa sauti ndogo. Nikajifanya masikio ni mazito.

Tulipofika nyumbani tulikula kwa furaha, na chakula cha furaha ni kizito. Mtoto alikuwa amenyonya, saa saba na nusu. Nikawaambia wakapumzike wote wawili.

"Una hakika, mama?" Mwalimu akauliza. "Hujachoka?"

"Mimi? Mimi na usingizi wa mchana hatujuani hata kwa sura."

Kigoda kilikuwa kimeniumiza kiuno siku tano. Nikavuta kiti cha kamba mezani, daftari mbele yangu, penseli mkononi, macho kwa Mkaguzi. Nikavua miwani niipumzishe.

Nilichosikia baadaye ni sauti ya Mwalimu. Alikuwa amesimama mbele yangu, Mkaguzi yuko mkononi mwake ananyonya kwa kelele. Nikajinyoosha upesi, nikashika penseli.

"Saa ngapi?" nikauliza, kama mtu mwenye shughuli.

"Tisa kasorobo. Ananyonya, usijali. Aliniamsha mwenyewe kwa kulia. Mama, ulilala?"

"Nani? Nilikuwa nimeinama naomba dua, namshukuru Mungu kwa zile gramu."

"Hukusikia mtoto analia?"

"Nilisikia. Nikasema niimalize dua kwanza."

Mwanangu naye akatokea mlangoni, akaniona, akarudi ndani haraka, nikasikia kitanda kinatikisika kwa kicheko.

"Mama," Mwalimu akasema polepole, kwa ile sauti wanayoitumia darasani wakati jibu wameshaliona, "na ile wiki ya kwanza. Ni kweli ulimhurumia? Ulikuwa macho, unamwangalia?"

"Macho makavu, mwanangu. Sikupata hata lepe. Nilikaa hapa hapa namtazama anavyolala, moyo unaniuma."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda ukutani, akang'oa kioo kidogo ambacho mumewe hunyolea ndevu, akakiweka mbele yangu mezani. Na Mkaguzi akaliachia ziwa, akageuza shingo kutazama.

Kulikuwa na joto siku ile, shavu langu lilikuwa na jasho, na ile penseli ya ukutani ni laini kama masizi. Kwenye kioo, kuanzia sikioni hadi puani, herufi zilikaa sawasawa, kubwa kama za ubao wa duka: KULALA.

"'Hakuna' imebaki kwenye daftari, mama," Mwalimu akasema.