Anguko la Mzee Radi

Mjukuu wangu alikuwa na safu yake gazetini. Kila Jumamosi, ukurasa wa kumi na nne, pembeni kuna kapicha kake anacheka, na chini yake mchezo mmoja au miwili ya kwenda kutazama wiki hiyo katika mtaa wa kumbi. Mtaa wenyewe si mrefu. Ukianzia duka la miwani mpaka benki ya kona ni kumbi saba za maigizo, tatu upande huu, nne upande ule, na watu wa jiji zima wakitaka kujua waingie mlango gani walikuwa wanamsoma yeye. Ukumbi aliousifu Jumamosi, Jumapili ulikuwa na foleni. Ambao hakuutaja, mwisho wa mwezi ulikuwa unabandua mabango.

Chini kabisa ya safu, kwa herufi nyembamba, kulikuwa na mstari ambao haukubadilika hata siku moja: Kila mchezo ulioandikwa hapa umetazamwa mpaka pazia la mwisho. Aliuweka mwenyewe siku aliyopewa safu, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa anaandika kutokea baa.

Basi mimba yake ilipofika mwezi wa tano ikaonekana damu. Daktari akasema alale, alalie ubavu wa kushoto, na ngazi asizishuke mpaka ajifungue. Anakaa ghorofa ya tatu. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, akitoka ametoka, wiki tatu humwoni. Nikahamia pale na mfuko wangu mmoja.

"Nikimwambia mhariri, safu anapewa mwingine," akaniambia. "Na ikienda hairudi, Bibi. Pale ofisini kuna watatu wanaimezea mate."

"Sasa utatazamaje michezo umelala?"

Akaniangalia. Akaendelea kuniangalia.

"Usinitolee macho," nikasema. "Mimi mwisho wangu darasa la saba."

"Sitaki darasa, nataka macho. Wewe ukienda kununua nyanya unarudi na habari ya nusu saa, mpaka rangi ya kandambili za muuzaji."

"Na mumeo akirudi akinikuta mimi ndiye natoka mjini nimepaka wanja, akinitamani je?"

"Mchukue, mke mwenzangu. Mimi niachie safu."

Tukacheka, na tukaanza. Kila Jumatano nilikwenda onyesho la saa tisa alasiri, na mara nyingine Jumapili. Mama wa mlango wa pili, ambaye ni muuguzi, alikaa na mjukuu wangu mpaka saa kumi na moja, kisha anakwenda zamu yake. Nikirudi navua viatu, naketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mto wake, nasimulia tangu taa zinapozimwa. Yeye ameegemeza kompyuta kwenye mto mwingine, anachapa kwa mkono mmoja. Nilimsimulia mchezo wa mabibi harusi wawili waliokodi ukumbi mmoja siku moja, niliocheka mpaka kiti changu kikaanza kulia. Nilimsimulia ule wa kinyozi anayenyoa dakika ishirini nzima hasemi neno, na watu mia tatu hakuna aliyethubutu kukohoa. Aliandika kilekile nilichosema, ila kwa maneno yaliyopigwa pasi. Watu wakaanza kumpigia simu kumwambia siku hizi safu yake imekolea.

Jumatano ile nilikwenda kumtazama Mzee Radi. Jina hilo alipewa na watazamaji kwa sababu ya sauti yake. Akisema neno jukwaani unalisikia kwenye mbavu. Mchezo ulikuwa wa seremala mzee ambaye mwanawe anataka kuuza nyumba. Ulichelewa kuanza kwa dakika arobaini kwa sababu taa kubwa ya juu iligoma, fundi akapanda ngazi mbele yetu, akashuka, akapanda tena. Kwa hiyo ilipofika saa kumi na nusu, saa ambayo kwa kawaida niko kituoni nasubiri basi, tulikuwa bado sehemu ya kwanza.

Mzee Radi alikuwa ameshika kikombe cha bati. Mwanawe wa mchezoni anamwambia atie sahihi. Mzee akasema, "Nyumba hii niliijenga na mama yako." Akanyamaza. Akasema tena, "Nyumba hii." Halafu tena, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani, "Nyumba hii." Wengine nyuma yangu wakacheka kidogo. Mkono wa kushoto ukalegea, kikombe kikaanguka, naye akakifuata, si kama watu wa jukwaani wanavyoanguka, wanaotanguliza kiwiko. Alianguka mzima mzima, upande mmoja. Kijana akapiga magoti, akaita, "Baba! Baba!" Pazia likashuka kwa haraka, upande mmoja ukatangulia.

Nilisimama. Sote tulisimama tukapiga makofi. Katika maisha yangu sikuwahi kuona mtu anaigiza hivyo.

Taa za mapumziko zikawaka, nikatazama saa ya ukutani, nikaona nisipotoka wakati huo muuguzi ataondoka na mjukuu wangu atabaki peke yake. Nikatoka kwa mlango wa pembeni. Nje nikakutana na yule kijana anayeigiza mtoto wa seremala, anakimbia kuelekea barabarani na nguo zake za jukwaani, mikono juu, anasimamisha magari. Nikamwambia, "Umefanya kazi, baba!" Akanitazama kama hanioni. Nikajisemea, wasanii ndivyo walivyo.

Kwenye basi nilisoma kijitabu cha mchezo. Kilisema sehemu ya pili iko kwenye karakana, binti wa seremala amerudi kutoka ng'ambo. Nilipofika nyumbani nikaketi kwenye kiti changu nikasimulia. Ya sehemu ya kwanza niliyasema kama nilivyoyaona. Ya sehemu ya pili niliyatunga. Ningeweza kumwambia, mjukuu wangu, sikukaa. Lakini angesema basi mchezo huo hatuuandiki, na mimi nilitaka watu wakamwone yule mzee. Nikamvalisha binti gauni la manjano. Nikamsimamisha mlangoni.

Safu ilitumwa jioni ileile. Jumamosi ikatoka: "Wiki hii usikose anguko la Mzee Radi. Limefanywa kwa ustadi ambao vijana wanapaswa kwenda kujifunza. Na atakapoingia binti na gauni lake la manjano, utajua umekaa kwa faida."

Saa mbili asubuhi simu ikalia. Mjukuu wangu akaipokea akitabasamu. Alisikiliza tu. Alipoikata akaiweka juu ya shuka polepole.

"Bibi, uliona mwisho wa mchezo?"

"Ule wa seremala?"

"Bibi."

"Sikuona," nikasema.

Ndipo aliponiambia. Mzee Radi alipigwa na kiharusi jukwaani. Baada ya mapumziko mwongozaji alitoka mbele ya pazia akawaambia watu waende nyumbani. Hakukuwa na sehemu ya pili siku ile, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Mlangoni waliweka kikaratasi tu cha kusema hakuna onyesho. Sasa amelazwa, upande wa kushoto umekufa na maneno hayatoki. Na mkewe, alipoisoma safu alfajiri, amempelekea mhariri barua.

"Mhariri anasema mke wa mzee akiridhika, nitabaki. Asiporidhika, Jumatatu safu ni ya mtu mwingine." Alikuwa anaongea akitazama dari. "Gauni la manjano, Bibi. Hata gauni!"

Nikavaa viatu.

Mke wa Mzee Radi ni fundi cherehani. Anakaa nyuma ya duka lake la kushonea, chumba kimoja kirefu, cherehani dirishani, meza ya kukatia, na mabaki ya vitambaa yamepangwa kwa rangi ndani ya makopo ya rangi za ukutani. Nilimkuta anakunja shuka za kupeleka hospitali, nikamwambia nimekuja kwa habari ya safu. Mwanamke mwembamba, pini tatu ziko kifuani kwenye blauzi.

"Ndiye wewe mwandishi?" akaniuliza bila kunikaribisha kiti.

"Mwandishi ni mjukuu wangu, yuko kitandani, mimba inamsumbua. Aliyekwenda ukumbini ni mimi, dada. Kosa ni langu, na nimekuja kukuomba radhi, yeye umwache."

"Kwa hiyo yeye hakuwapo kabisa?"

"Hakuwapo."

Akacheka kwa pua. "Wewe mwenyewe uliona?"

"Niliona mpaka alipoanguka."

Akaacha kukunja. Akavuta kigoda kwa mguu, akanisukumia.

"Niambie," akasema. "Kila ninayemuuliza ananiambia alijisikia vibaya. Alijisikia vibaya! Kama mtu aliyekula kiporo. Mwongozaji ananishika bega ananiambia nisijiumize. Yule kijana akiniona analia. Niambie wewe, shangazi wa gazeti, si unajua kusimulia."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya taa, fundi na ngazi. Nikamwambia kikombe alikishika kwa mkono gani. Nilipofika kwenye nyumba hii, nyumba hii, akaniinulia kidole.

"Mara ngapi?"

"Ya kwanza kwenye sentensi nzima. Halafu mbili peke yake."

"Mstari huo ni mara moja," akasema. "Mimi ndiye ninayemshikia kitabu akijifunza. Kila usiku, hapo ulipokaa." Akatazama meza. "Kutoka ile ya pili mpaka kuanguka, muda gani?"

Nikafikiri vizuri, kwa sababu niliona hilo ndilo analolitaka. "Kama kufunga vifungo vya shati. Si vyote. Vitano."

"Kwa hiyo mtu angeweza kumfikia."

"Kijana alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alidhani mzee amesahau, alikuwa anamnong'oneza maneno. Niliona midomo."

Akafumba macho, akafumbua. "Na watu?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimekuja kuombea safu ya mjukuu wangu, na kulikuwa na maneno mengi ya kumfurahisha: kwamba ukumbi ulikuwa kimya, kwamba kuna waliotokwa na machozi. Nilikuwa nimekwisha kumvalisha binti gauni, nisingeshindwa kuwavalisha watu huzuni. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni kama fundi anavyotazama mshono.

"Walicheka kidogo alipoyarudia yale maneno," nikasema. "Alipoanguka wakapiga makofi."

"Na wewe?"

"Nilisimama. Nikapiga mpaka viganja vikauma."

Akainuka, akaenda kwenye cherehani, akaifunika kwa kitambaa chake, akanyoosha pembe za kitambaa moja baada ya nyingine. Nje kulikuwa na mteja anabisha kiooni. Hakumjali.

"Waliobaki waliambiwa," akasema, mgongo kwangu. "Walirudi kwao wanajua walichokipigia makofi. Kuna waliokuja hapa kunipa pole, siwafahamu hata kidogo, wameona aibu. Wewe peke yako ndiye uliyetoka mle ndani na furaha. Na furaha yako ikachapwa, watu wakainunua wakanywea chai."

"Ni kweli, dada."

"Barua siirudishi."

"Yule mtoto hana kosa."

"Ana kosa. Ameandika ametazama." Akanigeukia. "Wewe nakushukuru kwa kuniambia. Kwa hilo nakushukuru. Barua siirudishi."

Nikarudi kwa miguu sehemu ya njia, maana basi la kwanza lilinipita nikiwa nimesimama palepale kituoni. Mtaa wa kumbi ulikuwa umejaa watu wa Jumamosi. Mbele ya ukumbi wa seremala kulikuwa na mume na mke wamevaa vizuri, gazeti mkononi, wanasoma kile kikaratasi cha mlangoni halafu wanasoma gazeti tena.

Mjukuu wangu alikuwa vilevile nilivyomwacha, kwenye ubavu wa kushoto. Nikaketi, akasema, "Niambie kama ilivyokuwa, usiongeze." Nikamwambia kama ilivyokuwa. Nilipomaliza akachukua simu akampigia mhariri kabla mhariri hajampigia yeye.

"Sikwenda," akamwambia. "Sio huo tu. Tangu Februari sijaingia ukumbi wowote. Alikuwa anakwenda bibi yangu." Akasikiliza. "Hapana, usiseme naumwa. Andika sikwenda." Akasikiliza tena. "Najua. Mpe yeyote. Ila ule mstari wa chini uuondoe, ule ni wangu."

Akaweka simu kifudifudi. Nilitaka nimshike mkono lakini alikuwa ameuweka chini ya mto.

"Ile mingine yote," akasema, "ulikaa mpaka mwisho?"

"Yote."

"Ule wa kinyozi?"

"Nilikaa."

"Ule wa mama na redio? Ule wa mahakamani, uliosema hakimu alivua viatu?"

"Alivua, mjukuu wangu. Soksi moja ilikuwa imetoboka."

Akaniuliza mmoja mmoja, michezo kumi na miwili, na mimi nikamjibu mmoja mmoja, na nilikuwa nasema kweli. Kila nilipojibu alinitazama usoni kwanza, akisubiri kidogo, ndipo anauliza unaofuata.